Kununua besi ya mtindo wa zamani ukiwa Kisumu, bila kuuza ng'ombe

Sikiliza rekodi za benga, muziki wa Waluo, za D.O. Misiani na Shirati Jazz, au za Victoria Jazz ya Collela Mazee na Ochieng Nelly, kisha usikie gitaa la besi peke yake. Ni nene, fupi, inagonga na kuondoka, halafu gitaa la solo linapata nafasi ya kuteremka. Vijana wengi wanaoanzisha bendi Kondele, na hata wapigaji wa kanisani kule Nyalenda, wanaitamani sauti hiyo, na swali lao ni moja: besi ya zamani inapatikana wapi?

Ushauri wangu ni kuachana na besi kuukuu kabisa. Besi za Fender, kampuni ya Marekani, zilizoundwa kabla haijanunuliwa na kampuni ya utangazaji ya CBS mwaka 1965 siku hizi ni mali ya wakusanyaji. Bei ya moja inakununulia gari. Unachohitaji ni besi ya juzi iliyochongwa kwa ramani ya zamani: umbo lile, pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za aina ile, vitufe viwili au vitatu, basi. Na kabla hatujaenda mbali, msimamo wangu ndio huu: pesa zako ziende kwanza kwenye shingo iliyonyooka, pili kwenye nyuzi, na jina lililoandikwa kichwani liwe la mwisho. Wengi hufanya kinyume, wakaishia na jina zuri lisilopigika.

Hatua ya 1: Amua ni zamani ipi

Zamani si moja. Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951 huko California, na mwaka 1957 akaibadilisha ikawa hii tunayoijua: pikapu moja iliyokatwa vipande viwili, kila kipande kikisikiliza nyuzi mbili. Vipande hivyo vimesukwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Usilipuuze jambo hilo. Kumbi nyingi tunazopigia hazina waya mzuri wa ardhini, na umeme wetu wa Kenya Power huvuma kwa hertzi 50, karibu kabisa na noti ya G inayopatikana freti ya tatu (freti ni vile vyuma vya kukingama kwenye shingo) ya uzi mnene, ambayo ni hertzi 49. Wimbo ukiwa kwenye G na besi yako inavuma, ni kama una mpigaji wa pili asiyejua kutuni.

Jazz Bass ilikuja mwaka 1960. Ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi upande wa kichwani, takriban milimita 38, ilhali Precision nyingi ni kati ya 41 na 44. Vidole vifupi huifurahia. Sauti yake ina ukali kidogo unaopenya katikati ya ngoma na kinanda. Kasoro yake ni kwamba ukifungua pikapu moja tu, inavuma. Ukifungua zote mbili sawasawa, inatulia.

Kuna pia familia ya shingo fupi. Höfner ya umbo la fidla, iliyoanza mwaka 1956 na kupata umaarufu mikononi mwa Paul McCartney, ina urefu wa nyuzi wa takriban inchi 30, badala ya inchi 34 za Fender. Ni nyepesi, tamu, na haichoshi bega. Lakini uzi wake mnene hulegea kiasi, na mpigaji wa benga anayegonga kwa nguvu atauona unayumba.

Ukinibana nichague, kwa benga na kwa kanisa nitakwambia Precision. Vitu vya kuharibika ni vichache, na kila fundi wa redio anayeshika kichomeo cha risasi anaweza kuitengeneza.

Hatua ya 2: Soma jina, lakini usiliabudu

Squier ni jina la Fender kwa besi za bei nafuu, na limekuwepo tangu 1982 lilipoanzia Japani. Ndani yake, Classic Vibe ndizo zinazofuata ramani za zamani kwa karibu zaidi. Mpya huko Marekani huuzwa kwa zaidi ya dola 400. Affinity ni nafuu zaidi na inatosha kuanzia. Harley Benton ni chapa ya duka la Thomann la Ujerumani, na besi zao za umbo la Precision na Jazz ni miongoni mwa za bei ya chini kabisa zenye heshima. Yamaha wana BB, ukoo ulioanza miaka ya 1970. Sire wana zao walizounda pamoja na Marcus Miller, mpigaji besi wa Marekani. Höfner wenyewe wana Ignition kwa anayetaka fidla bila bei ya fidla, na Epiphone wana Viola.

Halafu kuna zile za dukani zisizo na jina la maana, zilizotoka China. Usizicheke. Nyingine zina mbao nzuri na shingo iliyonyooka, na kilichozikosesha sauti ni kwamba hakuna aliyezirekebisha tangu zitoke kwenye boksi.

Tahadhari iwe kwenye neno Fender lenyewe. Vibandiko bandia vimejaa. Omba namba iliyo kichwani au kwenye bamba la nyuma ya shingo, iangalie kwenye tovuti ya kampuni, na uone kama nchi iliyoandikwa inalingana na kile namba inachosema. Herufi zilizopinda, kibandiko kinachoinuka ukikikwaruza kwa ukucha, au muuzaji anayekuuzia "Fender halisi" kwa bei ya simu ya kawaida, vyote vinakuambia jambo moja. Besi bandia inaweza kupigika vizuri tu. Ila uinunue kwa bei ya besi isiyo na jina.

Hatua ya 3: Gawa pesa kabla ya kutoka nyumbani

Usipeleke bajeti yote kwenye besi. Robo yake ibaki nyumbani kwa ajili ya nyuzi, kebo, mkanda, mfuko na fundi. Kama una shilingi 40,000, besi unayotafuta ni ya 30,000. Anayekwenda na 40,000 na kununua besi ya 40,000 ataipiga miaka miwili na nyuzi zilizokufa, kisha aseme besi ni mbaya.

Hatua ya 4: Mahali pa kutafuta

Maduka ya ala katikati ya mji wa Kisumu na Nakuru yana besi chache, mara nyingi za kisasa zenye rangi za kung'aa. Nenda uzishike, ujue uzito na upana wa shingo unaokufaa, hata kama hununui. Nairobi, kuanzia Luthuli Avenue hadi River Road, uchaguzi ni mpana zaidi, na kwa nauli ya basi unaweza kwenda asubuhi na kurudi usiku. Soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya Jumapili utaona spika na redio kuukuu. Besi ni bahati nasibu.

Soko ninaloliamini zaidi ni makanisa na bendi zilizovunjika. Kanisa likipata mfadhili hununua seti mpya, na besi ya zamani inawekwa stoo nyuma ya viti vya plastiki. Uliza Kakamega, Bungoma, Eldoret, Nakuru. Ongea na mwenyekiti wa kwaya na mchungaji kabla ya kuongea na kijana anayeipiga, maana kijana anaweza kukuuzia kitu kisicho chake.

Njia ya tatu ni ndugu aliye ng'ambo. Besi za mtindo wa Fender zina shingo iliyofungwa kwa skurubu nne tu. Mwambie alegeze nyuzi, afungue skurubu hizo, azitie kwenye bahasha na kuibandika ndani ya mfuko, kisha afunge shingo na mwili kando kando kati ya nguo. Kifurushi kinafupika sana. Höfner na nyingi za ukoo wa Gibson zimegundishwa kwa gundi, kwa hivyo hazifunguki hivyo.

Hatua ya 5: Ikague kama unayenunua ng'ombe wa maziwa

Hapa ndipo pesa hupotea au hubaki, kwa hivyo usiharakishwe. Nenda mchana. Beba kebo yako, simu yenye programu ya kutuni, tochi na rula ya milimita.

Anza na shingo. Inua besi kama unayelenga bunduki, jicho likiwa upande wa mwili, utazame kuelekea kichwani. Kingo mbili za shingo zinapaswa kwenda sambamba. Ukiona moja inapanda na nyingine inashuka, shingo imejisokota kama kamba, na hakuna fundi wa Kisumu wala wa Nairobi atakayeinyoosha kwa bei inayokufaa. Rudisha, shukuru, ondoka.

Kupinda kwa kawaida ni jambo jingine. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine. Uzi sasa ni rula. Tazama freti ya saba au ya nane: lazima kuwe na mwanya mdogo, takriban milimita 0.3, unene wa kadi ya mwaliko. Mwanya ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele. Usipokuwepo kabisa, imerudi nyuma. Vyote hurekebishwa kwa chuma kilichopita ndani ya shingo, mradi kinazunguka. Muulize muuzaji funguo yake, na umwombe azungushe kidogo, robo mzunguko, ukiona. Kikigoma au kikizunguka bila kushika kitu, acha. Kwenye baadhi ya besi za mtindo wa zamani kichwa cha chuma hicho kimejificha upande wa mwili, chini ya bamba la plastiki, na huwezi kukifikia bila kulegeza shingo. Muuzaji akisema hana muda wa kufungua, nawe huna haja ya kulipa bei kamili.

Sasa pima urefu wa uzi juu ya freti ya kumi na mbili. Milimita 2 hadi 2.5 ni sawa. Ukikuta 4, angalia kama vipande vidogo vya kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, vinaweza kushushwa au tayari viko chini kabisa. Vikiwa chini na uzi bado uko juu, tatizo ni pembe ya shingo, na bei ishuke sana.

Piga kila freti, kila uzi, polepole. Unatafuta noti inayozomea au isiyotoka. Ukisikia noti moja inakufa haraka kwenye uzi mwembamba kati ya freti ya tano na ya saba, usishtuke. Ni tabia ya besi nyingi za ukoo wa Fender, hata za bei kali.

Tuni nyuzi: E, A, D, G. Linganisha uzi ulio wazi na uzi huohuo uliobonyezwa freti ya kumi na mbili. Simu ionyeshe noti ileile. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa skurubu za darajani. Tofauti kubwa pamoja na skurubu zilizooza kwa kutu, fikiri tena. Hewa ya ziwa inakula chuma, na besi iliyokaa miaka stoo ya Dunga au Usenge itakuonyesha kwenye daraja kwanza.

Chomeka. Zungusha vitufe vyote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo si neno. Dawa ya kupulizia vifaa vya umeme inaumaliza. Sauti inayokatika ukitikisa kebo ni jeki, tundu la kuchomekea kebo, iliyolegea, kazi ya dakika chache. Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Mvumo unaoongezeka ukizigusa unamaanisha waya wa ardhini umekatika au umefungwa vibaya. Na ukishika nyuzi kisha midomo ikagusa maikrofoni na kuhisi mshtuko, zima kila kitu: hapo mwenye makosa ni amplifaya au soketi ya ukutani, na volti 240 hazina mzaha.

Mwisho wa ukaguzi, ivae kwa mkanda na usimame nayo dakika kumi ukiongea na muuzaji. Zaidi ya kilo 4 utazihisi kabla ya mahubiri kufika katikati. Achia mkono wa kushoto: kichwa kikidondoka chini, utaibeba shingo hiyo kila Jumapili.

Hatua ya 6: Bei

Usitaje bei kabla ya kusikia sauti. Mazungumzo yakienda hivi, uko salama:

"Omera, hii besi ilikuwa ya nani?"

"Ya brathe wangu. Alienda Qatar."

"Na yeye unaweza kumpigia sasa tuongee naye?"

"Kwani unanunua besi au unanunua brathe wangu?"

"Nanunua besi, omera. Lakini nataka kulala usingizi."

Akipiga simu, vizuri. Akikasirika, kumbuka kwamba ala za makanisa huibiwa sana, na utakayeulizwa na polisi ni wewe uliyekutwa nayo. Piga picha ya namba, andikianeni karatasi yenye jina, namba ya kitambulisho na tarehe, kisha ulipe kwa M-Pesa mkiwa mmesimama pamoja, ili ujumbe ubaki kama ushahidi. Hakuna kutuma "kidogo cha kuishikilia" kwa mtu ambaye hujamwona, hata akikutumia video akiipiga.

Hatua ya 7: Ukiagiza kutoka nje

Bei ya kwenye tovuti si bei ya Kisumu. Tuseme besi ni shilingi 50,000 na usafiri pamoja na bima ni 15,000. KRA hutazama jumla hiyo ya 65,000, si ile 50,000. VAT ya asilimia 16 pekee juu ya 65,000 ni 10,400, na kwa kweli inazidi hapo kwa sababu huhesabiwa baada ya kuongeza ushuru wa forodha. Weka na ada nyingine za uingizaji. Mara nyingi, ukimaliza hesabu, ile Squier iliyotumika ya kule Nakuru inaanza kupendeza.

Jihadhari zaidi na amplifaya kuliko besi. Besi ya mtindo wa zamani kwa kawaida haina betri wala haihitaji umeme. Inapigwa popote duniani. Amplifaya iliyotumika Marekani imeundwa kwa volti 120, ya Japani kwa 100. Ukiichomeka kwenye soketi ya hapa bila transfoma ya kushusha umeme, utanusa moshi kabla ya kusikia noti. Soma bamba la nyuma. Na ile ndogo ya wati 15 ni ya chumbani. Mbele ya ngoma kamili, anza kufikiria wati 100.

Hatua ya 8: Sasa ifanye iwe ya zamani

Sehemu hii ndiyo tamu, na haigharimu sana. Sauti nene ya rekodi za miaka ya 1960 ilitokana kwa sehemu kubwa na nyuzi bapa, yaani zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, laini ukizipapasa. Nyuzi za kawaida za leo zina mikwaruzo na hung'aa kwa sauti. Ni nzuri kwa mambo mengine. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alitumia Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa nzito za La Bella. Seti ya nyuzi bapa ni ghali kuliko ya kawaida, ila inadumu miaka, na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyotulia. Hakikisha seti unayonunua inalingana na urefu wa besi yako. Ya inchi 34 haifai kwenye Höfner.

Nyuzi bapa nyingi huvuta shingo kwa nguvu zaidi, hivyo baada ya kuzifunga, iache besi siku mbili tatu, pima tena ule mwanya wa freti ya saba, na urekebishe robo mzunguko kwa wakati mmoja. Fanya vivyo hivyo ukiitoa besi kwenye baridi kavu ya Nakuru na kuileta kwenye joto na unyevu wa Kisumu. Mbao inahitaji kuzoea kabla ya kuguswa.

Kisha kata kipande cha sponji ya godoro, upana wa nyuzi zote nne, unene kiasi cha kuzigusa tu bila kuziinua, na ukisukume chini ya nyuzi karibu na daraja. Fender wenyewe waliweka sponji hapo zamani, chini ya kifuniko cha chuma, na wapigaji wengi wakaviondoa vifuniko. Noti itafupika, itagonga kama ngoma na kuacha nafasi. Rudisha kitufe cha toni hadi nusu, pigia juu ya pikapu kwa kidole kimoja au gumba, na usiongeze kitufe cha besi kwenye amplifaya hadi usikie bendi nzima ikicheza. Chumbani utaiona kavu mno. Jukwaani, solo ikianza kuteremka, iko mahali pake.

Vipande vyote vya asili utakavyotoa, skurubu, kifuniko, hata nyuzi za kwanza kama hazijakatika, vitie kwenye bahasha moja ndani ya mfuko wa besi. Mnunuzi ajaye ataviuliza, na atalipa zaidi akivikuta.